Si A, Wala Si B

Athi River,
12 Februari 1995

Mama Musembi mpenzi,

Barua hii nimempa Mustaf mkononi, si posta, kwa hivyo ikichelewa umlaumu yeye na mbuzi wake. Anakuja soko la Mitaboni Jumatano kununua mifugo kama kawaida. Mpe chai, lakini asikae sana, maana akianza hadithi za Garissa hamalizi.

Mimi ni mzima. Unakumbuka Krismasi uliniambia macho yangu yamekuwa ya manjano, nikacheka nikasema ni vumbi la mawe? Basi uchovu ule haukuisha. Msimamizi akanituma kwa daktari wa kampuni, yule mzee ambaye hupima watu huku akimsimulia nesi habari za ng'ombe wake. Akanitoa damu, akaniambia nirudi. Niliporudi akasema ini limechoka kidogo, niache pombe, nipumzike. Huo ni wimbo wa madaktari wote. Lakini aliongeza jambo lingine, na ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Alisema mimi ni non-A, non-B. Alisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nafunga vifungo vya shati na sikusikia. Si A, wala si B. Nzilani, mimi niliishia kidato cha pili, na somo la damu ndilo la mwisho nililolielewa kabla sijaacha shule. Damu ziko A, B, AB na O. Ukiondoa A, ukiondoa B, inabaki nini? Ni O. Kama yako.

Nilitoka pale nikarudi kazini nikicheka peke yangu mpaka watu wakaniuliza nimepandishwa cheo. Siku ile ya kuzaliwa Mueni mimi nilikuwa huku. Nilifika asubuhi yake nikakukuta umelala, rangi yako kama majivu. Wathome, ndugu yako wa tumbo moja, alikuwa ameiona sindano akatoroka. Aliyekupa damu ni askari magereza aliyekuja kumwona mkewe, mtu asiyetujua. Tangu siku ile, kila nikifikiria kujifungua kwako roho yangu huwa juu juu.

Sasa basi. Mei ukienda hospitalini kujifungua nitakuwa hapo, mkono wa shati nimeshaukunja. Usimbembeleze mtu. Damu yako iko Athi River, inakula vizuri, inalala mapema, na pombe imeacha.

Wasalimie Musembi, Mueni na Mama.

Mumeo,
Mbithi


Mitaboni,
19 Februari 1995

Baba Musembi,

Mustaf amekunywa chai, akasema mbuzi wa hapa wamekonda sana, halafu akawanunua wote.

Kwanza nikuombe, uendelee kuniandikia kwa Kiswahili. Mama yako alifungua barua kabla yangu, tena. Akaigeuza huku na huku, akaona si Kikamba cha Biblia yake, akanirudishia akasema, "Ni habari ya kazi." Nikamwambia ndiyo Mama, ni habari ya kazi.

Nilicheka uliposema kuna somo ulilolielewa shuleni, maana miaka yote hii hujawahi kunitajia hata moja. Halafu nikaingia jikoni nikalia kidogo, na moshi ukanifichia. Nakuambia ili ujue. Watu hapa wakiniuliza habari za tumbo mimi huwafanyia mzaha, nasema nimemeza tikiti. Lakini naogopa, Baba Musembi. Naogopa kuliko ninavyoonyesha. Sista Nthambi wa kliniki amenieleza wazi kwamba mwanamke aliyetokwa na damu nyingi mara moja anaweza kutokwa tena. Nisithubutu kuzalia nyumbani. Niende Machakos kwa dada yangu kabla ya siku zenyewe, ili nikianza niwe karibu na hospitali kuu, na niwe na mtu wa O ambaye amekubali.

Nilipomwambia mtu huyo ni mume wangu alifurahi sana. "Wewe uko na bahati," akasema. "Wengi hapa mabwana zao hawajui hata yao ni gani." Ila anataka uende Machakos mapema upimwe huko huko, wakuandike, isije siku yenyewe wakaanza kutafutana. Nenda, tafadhali.

Sijamwambia mtu mwingine isipokuwa Wathome. Nilimwambia tukiwa shambani, kwa sauti ya kutosha, kwamba safari hii abaki na woga wake, mimi nimejipatia mtu wangu wa damu.

Mtoto huyu anapiga teke nikiandika. Labda anajua anatajwa. Musembi amejifunza kuandika jina lako na amelichora kwenye mlango wa choo kwa makaa. Sikulifuta.

Wako,
Nzilani


Athi River,
19 Machi 1995

Mama Musembi,

Natumai hamjambo. Mimi sijambo.

Nilienda Machakos. Ile habari ya damu haitawezekana. Usiniulize sababu, ni mambo ya hospitali. Tutapata mtu mwingine, niachie mimi.

Mwisho wa mwezi sitakuja. Pasaka sijui. Kuna kazi ya ziada kila Jumamosi. Nguo za watoto nimempa Mustaf.

Kuna jambo moja nataka ufanye. Ule wembe wangu ulio juu ya dirisha, utupe chooni. Usikatie kitu chochote. Na mswaki wangu pia.

Jitunze.

Mbithi


Mitaboni,
26 Machi 1995

Mbithi,

Leo sikuiti Baba Musembi. Jina hilo ni la mtu mwingine, aliyeniandikia Februari.

"Natumai hamjambo." Umeniandikia kama chifu anayeita baraza. Nilitafuta nyuma ya karatasi kama kuna mengine, hakuna. Nguo zimefika. Ya Mueni ni kubwa, atakua.

Wembe nimeutupa. Lakini kabla ya kuutupa nilikaa nao nikajiuliza umekosa nini. Nilikuwa naukatia watoto kucha.

Mustaf nilimwuliza unakula wapi siku hizi. Nilimwuliza tu, kwa sababu nilitaka kusikia mtu akikutaja. Akajibu bila kufikiri, "Anakula kwa Murayo. Kila jioni. Murayo anampikia chakula yake peke yake." Halafu akauona uso wangu, akakumbuka mbuzi wake wanamngoja. Chai aliiacha nusu, na Mustaf haachi chai. Kwa hivyo nauliza. Murayo ni nani?

Tena ngoja nikuambie ukweli. Ningependa awe ni mwanamke tu. Mwanamke ninaweza kumkabili. Kinachonisumbua ni kingine. Mtu anaenda kupimwa damu, anarudi anasema haiwezekani, usiniulize. Haji nyumbani. Anataka wembe utupwe. Mbithi, hapa tumezika watu, unawajua. Watu wakisikia damu ya mtu imekataliwa hawaulizi swali la pili, na mimi pia sikuuliza. Niliacha jembe nikakaa kwenye mtaro wa shamba, mchana kweupe, nikatufikiria mimi na wewe na huyu aliye tumboni. Nikamwona Musembi akibaki na nyanya yake, akimwongoza Mueni kwa mkono. Niliona mpaka nguo walizovaa.

Kama ni ukimwi, niambie. Sitapiga kelele. Nitaenda nipimwe, tutajua tunakoelekea, na tutaelekea pamoja. Lakini usiniambie nisiulize. Mimi ni mke wako, si mpangaji.

Kama ni huyo Murayo niambie pia. Hapo nitapiga kelele.

Nzilani


Athi River,
2 Aprili 1995

Nzilani wangu,

Si ukimwi. Naliandika hilo kwanza ili usisome mengine ukitetemeka. Hiyo pia walinipima, na haipo.

Na Murayo ni mama yake Mustaf. Ananiita kijana. Ananipikia wali mweupe na uji bila mafuta kwa sababu Mustaf alimwambia ini langu ni gonjwa, na ukikataa kumaliza anakaa anakutazama mpaka umalize. Ukija kumpigia kelele, piga kwa nguvu, sikio lake moja limeziba.

Sasa hiyo nyingine. Nilienda Machakos kama ulivyoniambia. Maabara nilimkuta kijana anaitwa Jeff. Akanichoma kidole, akadondosha damu kwenye kigae cheupe, akatia dawa yake, akasema mimi ni A. Nikacheka. Nikamwambia arudie, mimi ni O, daktari amesema. Akarudia. "Mzee, wewe uko na A, hata ukirudi kesho." Hapo nikakasirika, unanijua. Nikamwambia daktari aliniambia kwa kinywa chake mwenyewe, non-A, non-B. Kama mimi si A, inakuwaje niwe A?

Jeff akakiweka kile kigae mezani. Akaniuliza pole pole kama macho yangu yamewahi kuwa ya manjano. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nimewahi kuongezewa damu. Nikasema ndiyo. Akainuka akafunga mlango.

Non-A, non-B si aina ya damu, Nzilani. Ni jina la ugonjwa wa ini. Alinieleza kwamba zamani walijua ugonjwa wa ini wa A, na mwingine wa B. Halafu wakaona watu walioongezewa damu wanageuka manjano, ukiwapima si A, ukiwapima si B, na hawakujua ni nini. Basi wakauita hivyo hivyo. Jeff anasema jina hilo limepitwa na wakati, ugonjwa umeshapewa herufi yake, ni C, ila yule mzee wetu bado anatumia lile alilojifunza ujana wake. Nimekaa nalo jina hilo mpaka nimelizoea. Ni kama uulizwe mumeo ni nani, useme si Wathome wala si Titus wa karakana.

Jeff anadhani niliupata mwaka ule mkanda wa mashine ya kusaga mawe uliponivuta mkono, Musembi akiwa mchanga. Unakumbuka walivyonitilia damu. Simchukii aliyenipa. Hakujua, na bila yeye ungekuwa mjane. Lakini nikikumbuka ile barua yangu ya Februari naona haya mpaka masikio yanawaka. Nilikuwa nakuletea ugonjwa huku nikitabasamu. Jeff alinituliza, akasema kwa A yangu wasingekutilia hata tone. Sawa. Lakini mimi nilikuwa tayari kukupa chupa nzima.

Sikukuambia kwa sababu nilidhani nimeshakupa. Jeff alisema haupiti kwa kikombe, haupiti kwa sahani, na kwa mume na mke ni nadra sana. Mimi katika hayo yote nikasikia neno nadra peke yake. Kipimo cha hiyo C Machakos hakuna, labda Nairobi. Kwa hivyo sijui kama unao. Sijui kama mtoto anao. Nikifikiria kuja nyumbani na kuwagusa, miguu inakataa. Daktari wa kampuni sasa anasema wengine huishi nao mpaka uzee, wengine ini huharibika, na hajui mimi nitakuwa upande gani.

Na hakuna kazi ya ziada Jumamosi. Nilikudanganya. Kila Jumamosi nampeleka mtu Machakos akapimwe. Titus huyo alikuwa B, akaniomba msamaha kama aliyejichagulia. Kilonzo mlinzi alikuwa A kama mimi. Wengine walikubali vizuri tu, wakaliona lango la hospitali, wakakumbuka shughuli. Mustaf sikumwuliza, niliona nimemsumbua vya kutosha. Jana akanikuta nikimbembeleza mtu mwingine kwa kinyozi. Akanivuta kando, amekasirika kweli. "Kwani damu ya Msomali iko na shida gani?" Tukaenda siku hiyo hiyo. Wamempima kila wanachoweza kupima. Ni msafi, na ni O. Ameapa kwamba Mei hataenda Garissa wala popote mbali, ni Machakos na Mitaboni tu.

Kwa hivyo damu unayo. Si yangu. Hilo linaniuma kuliko ini lenyewe.

Sasa unajua yote. Ukisema nisije, nitaelewa.

Mbithi


Mitaboni,
9 Aprili 1995

Baba Musembi,

Jina lako nimekurudishia.

Nililia, nikacheka uliponiambia si Wathome wala si Titus, halafu nikakasirika nikataka kuja Athi River kwa miguu na tumbo hili. Umekaa na jambo zito hivyo peke yako, ukila uji wa mama wa watu, na mimi hapa nakuzika kila siku nikipalilia. Usinifanyie hivyo tena. Nimechoka kukuzika.

Nilienda kwa Sista Nthambi, nikamwambia mume wangu ana non-A, non-B. Akaniangalia akasema, "Si hiyo ni O?" Nilicheka mpaka wanawake wote kwenye foleni wakageuka, na yeye hakujua nacheka nini. Nilipomweleza akashika mdomo. Hakujifanya anajua, nampendea hilo. Alipokwenda Machakos kuchukua chanjo akamwuliza daktari mkubwa, akaniletea majibu. Kula pamoja hakuna neno. Kulala pamoja tusihofu. Kunyonyesha hakuna neno. Hatari ni wembe na sindano, na vitu vya damu. Kwa hivyo sababu zako zimekuishia.

Kama nimeupata, nimeupata. Kunikwepa sasa kunasaidia nini, na watoto wawili wameshazaliwa na wa tatu yuko njiani? Nikishajifungua tutaenda Nairobi mimi na wewe tukapimwe. Kwa sasa sitaki kujua. Nina kazi moja mbele yangu na inanitosha.

Lakini lile la mwisho, ukisema nisije, usiliandike tena. Hilo limenichoma kuliko yote. Kwani mimi nilikutaka kwa ajili ya damu? Nilikutaka siku ile sokoni uliposhindwa kuinua gunia la maharagwe la mama yangu, vijana wote wakikutazama, na ukasema wazi kwamba umeshindwa. Nikasema huyu hatanidanganya. Damu mtu yeyote anaweza kukupa. Askari magereza alinipa na hata jina lake silijui. Mume haokotwi namna hiyo.

Mama yako aliniuliza kwa nini habari ya kazi inaniliza. Nikamweleza yote, kwa Kikamba, tukiwa tunachambua mbaazi. Aliendelea kuchambua, nikadhani hajaelewa. Kisha akaenda kukamata yule kuku wake mweupe anayempenda, akamfunga miguu, akasema Mustaf ampelekee yule mama anayempikia mtoto wake. Kwa hivyo Mustaf akifika na kuku, ujue si wako, ni wa Murayo.

Pasaka uje. Si ombi.

Nzilani


Machakos, hospitalini,
4 Mei 1995

Mbithi ndugu yangu,

Salaam aleikum. Mimi kuandika barua sijazoea, kazi yangu ni kubeba barua za wengine. Namtuma dereva wangu Ayanle na lori, ukipata hii panda urudi naye saa hiyo hiyo. Msimamizi akikataa, mwambie aje anione.

Mama Musembi alikuwa kwa dada yake hapa Machakos. Uchungu umeanza leo asubuhi, mapema kuliko walivyosema. Dada yake alinikuta soko la mbuzi, akanikimbilia. Mtoto amezaliwa. Ni mvulana na analia vizuri, mimi nimemsikia kutoka nje. Lakini mama, damu yake haikatiki. Daktari ametoka ameniita.

Nesi ameniuliza mimi ni nani wake. Nimesema mimi ni posta. Amenitazama kwanza, kisha ameniambia niketi nikunje shati.

Wananiita ndani sasa. Nitawapa yote wanayotaka. Wewe njoo. Usikae hapo kujiuliza kama unafaa kuja. Njoo tu.

Mustaf


Machakos, hospitalini,
9 Mei 1995

Baba Musembi,

Nimeegemea mto nikiandika, kwa hivyo mwandiko umepinda. Usidhani nimeandikiwa na mtu mwingine. Mustaf ataipitisha hapa akielekea huko, na kesho utakuwa nayo.

Naendelea vizuri. Nikisimama nasikia kizunguzungu, lakini nasimama. Wanawake wa wodi hii wamejua habari ya Mustaf na hawanipi nafasi. Kila nikiomba chai wanasema ni damu yake inayodai. Yule wa kitanda cha mlangoni ananiuliza bei ya mbuzi kila asubuhi, kwa heshima, kama mteja. Nikicheka tumbo linauma, lakini nacheka. Kuna wakati siku ile nilisikia sauti zikienda mbali, nikajua ninakwenda. Sikuogopa kama nilivyodhani. Nilichukia tu kwamba sitakuambia kitu. Basi sasa nina nafasi ya kukuambia, nami nakuambia.

Ulipofika jioni ile nilikuona kabla sijaweza kusema. Uliketi kando ya kitanda mpaka ukafukuzwa. Jumapili ukaja tena na maziwa na ndizi. Nashukuru, Mbithi, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Lakini kuna kitu nilikiona. Sista wa wodi alipokuletea mtoto ulirudi nyuma, ukaweka mikono mfukoni, ukasema una mafua. Hukuwa na mafua. Ulipiga chafya ya uongo, na hata Sista aliijua.

Pasaka ulifanya vile vile. Ulikuja, nikafurahi mpaka nikachoma chapati. Halafu ukatandika mkeka sebuleni, na Mueni alipotaka kupanda magotini ukamwambia umechoka. Alienda akakaa na paka. Nilinyamaza, nikajiambia tuzae kwanza. Sasa tumezaa.

Najua unafikiria nini. Unafikiria ukikaa mbali nasi utatulinda. Sikiliza. Daktari wa hapa nimemwuliza mwenyewe, mbele ya wodi nzima, kama baba mwenye ugonjwa huo anaweza kumbeba mtoto wake. Alishangaa kwamba swali kama hilo lipo. Akasema ambebe mpaka mikono ichoke. Nairobi tutaenda, kama tulivyopatana, na majibu yakiwa mabaya tutayabeba. Lakini hata kama miaka yetu ni michache, mimi sitaki kuishi na mtu anayetuangalia kutoka mlangoni. Huyo sikumzalia watoto.

Mtoto ni mzito. Ana paji lako la uso, na akikosa ziwa anakunja uso kama wewe ukiambiwa umekosea. Mama yako alikuja jana, akamkagua masikio, akasema hakuna haja ya kuuliza ni wa nani.

Ijumaa wanatutoa. Masharti yao ni kwamba nisibebe kitu, hata beseni, mpaka nguvu zirudi. Kutoka wodi hii mpaka langoni ni mbali, kuna ngazi, na lori la Mustaf haliruhusiwi kuingia. Dada yangu alitaka kuja kunisaidia, nimemkatalia. Wathome amejitolea, eti anataka kujirekebisha, naye nimemkatalia. Mama yako atabaki na watoto. Mustaf nimemwapisha akae ndani ya lori, asishuke hata akiniona naanguka.

Kwa hivyo huyu mtoto hana mtu wa kumbeba isipokuwa wewe. Fika mapema.

Nzilani